Mafuta Kwenye Fremu

Tiki, tiki, tiki.

Sabina alifumbua macho gizani. Mlio ulitoka sebuleni. Miaka ile ya vita ng'ambo ya Ruvuma, hakuna mtu wa Mtwara aliyesikia mlio gizani akageukia ubavu wa pili. Alibana pumzi. Kisha akautambua: gurudumu la nyuma la baiskeli ya mumewe Stefano lilikuwa likizunguka. Lakini Stefano alikuwa kitandani, anakoroma.

"Modesta!"

Mtoto alikuwa amechuchumaa kando ya baiskeli iliyopinduliwa juu chini.

"Umeshika wapi?"

"Kote," alijibu, akipikicha macho kwa viganja vyote viwili.

Baiskeli yenyewe ilianza kama fremu tupu, ya mbio, iliyotupwa nyuma ya gereji ya misheni. Stefano, karani wa bandarini aliyetoka Songea, aliibeba begani hadi mtaani kwao Ufukoni kama mtu aliyeokota mwana. Akahangaika kutafuta ringi, spoki moja moja, mnyororo. Alitaka kuingia mbio za Saba Saba. Kilichomkosesha raha ni kutu ya chumvi. Jana yake, huko Mikindani, aliwaona mafundi wakipaka mbao za mashua mafuta meusi ya maganda ya korosho ili wadudu wasitoboe. Akajiambia, kinachozuia wadudu kitazuia kutu. Akaomba kopo moja, akapaka fremu nzima kwa kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti, wala tone halikumgusa. Wao korosho waliijua ikiwa imeshakaangwa.

"Mama, yanawaka!" Modesta alipiga kelele. "Macho yanawaka!"

Stefano alitoka mbio, akaona viganja vyeusi, akadaka chupa ya mafuta ya taa. "Mshike nimfute! Ndiyo yanayotoa grisi!"

Mlango ulisukumwa bila hodi. Bi Halima, jirani yao, mwenye shamba la mikorosho kijijini Ziwani, alimpokonya chupa.

"We Baba Modesta, unataka kumpofusha kabisa? Umepaka nini humu?"

"Mafuta ya maganda…"

"Yarabi! Sisi wenyewe tukibangua twapaka majivu mikononi kwanza, yasituunguze. Nyie watu wa bara nyie, mtatumalizia watoto! Mama Modesta, maji! Mengi! Mwagia, usisugue!"

Sabina alimwagia mtungi mzima, mtoto akijinyonganyonga mapajani mwake. Kulipopambazuka kope zilikuwa zimevimba, zimefumba kama ngumi.

Hospitalini walimwosha tena, wakamtia dawa, wakamfunga bandeji.

"Ataona?" Sabina aliuliza.

"Tungoje, mama," alisema mganga. Hakumtazama usoni, na hilo ndilo lililomtisha zaidi.

Wakangoja. Sabina aliacha kwenda kwenye masomo ya jioni ya watu wazima, alikokuwa akijifunza kusoma. Badala yake alimchorea Modesta herufi mgongoni kwa kidole, kwa sababu mgongo haukuhitaji macho. Mtoto akipatia, Sabina alicheka kwa sauti, kisha akatoka nje na kuuma kanga. Alijikuta akiwaza mambo ya kijinga: nani atamshika mkono kwenda kisimani mimi nikifa? Majirani walimtania Stefano, "Bingwa, Saba Saba vipi?" Baiskeli hakuigusa tena.

Siku ya kufungua, Stefano alisimama ukutani, kimya, hata pua hakuvuta. Mganga aliifungua bandeji taratibu, akamwambia mtoto afumbue.

Kope zilikuwa zimechubuka, nyekundu. Zilicheza, zikashikana, zikaachana. Modesta alimtazama mama yake, au alitazama upande aliokuwepo. Sabina hakuweza kujua.

Kichwa cha mtoto kikageuka polepole kuelekea ukutani, kikatulia.

"Baba analia."