Shangazi Ameisha Muda

Mhadhiri wa usanifu wa majengo, ambaye wanafunzi walimwita Rula kwa jinsi asivyopinda, alikuwa amechoka kupigwa danadana. Kitivo kilitaka michoro yote ya mwisho ichorwe kwa programu moja ya kompyuta, na programu hiyo ni bure kwa mwezi mmoja tu wa majaribio. Baada ya hapo, lipa. Alipe nani? Kitivo kilimtuma ofisi ya kompyuta, ofisi ya kompyuta ikamrudisha kitivoni, na wahasibu wakamwambia programu ni kama kalamu, mwanafunzi huja nayo.

Wanafunzi nao walikuwa na njia yao. Mwezi ukiisha, mtu anajisajili upya kwa jina la ndugu. Darasa likajaa wajomba na bibi wasanifu. Lakini binti mmoja, ambaye mchoro wake wa zahanati ulimfanya Rula afute miwani autazame tena, aliishiwa ndugu. Shangazi ndiye alikuwa wa mwisho, na muda wake ulikwisha jana, mchoro haujachapishwa. Faili likagoma kufunguka. Bila mchoro, binti hahitimu.

Rula akaenda kwa mkuu wa kitivo. Akaeleza polepole, hatua kwa hatua, kama anavyofundisha. Mkuu alisikiliza huku anatia saini makaratasi, kisha akasema kanuni ni kanuni, huyo binti angejipanga mapema.

"Mbona viti vya darasani wanafunzi hawaji navyo, Mkuu?"

"Usiwape wahasibu wazo, ndugu yangu."

Rula akauliza kama chuo kizima hakina leseni hata moja ya programu hiyo. Mkuu akasema ipo, tena ya kudumu, humu humu kwenye kompyuta yake, ya kuwaonyesha wakaguzi wakija. Yeye mwenyewe hajawahi kuifungua.

Rula akashukuru, akatoka. Hakukawia. Alirudi na binti, faili likiwa kwenye flashi, na mkuu alipoinuka kuuliza kuna nini, binti alikwisha kuketi mbele ya kompyuta yake.

"Samahani, baba," akasema, macho kwenye kioo. Zahanati ikafunguka, ukuta kwa ukuta.

Mkuu, amesimama na kalamu yake mkononi, akauliza watamaliza saa ngapi.

"Huyu hachelewi," Rula akasema. "Ila wenzake wako hapo nje kwenye korido, na kuna ambao shangazi zao wanaisha kesho."