Mtikiso wa Ishirini

Mama yake Bingwa aliitikisa dadu kwa mara ya kumi na sita, akacheka hadi magego yakaonekana. "Tano!" akawatangazia wazazi waliojaa darasani. Mimi nilisimama kando ya meza, nikihesabu kimoyomoyo.

Dadu yenyewe ilikuwa kiboksi cha plastiki chenye betri na kioo kidogo. Ukikitikisa, namba inatokea. Programu yake niliiandika mimi kwa wiki tatu, nikikosea na kufuta. Jirani yangu wa dawati aliinakili nilipokwenda msalani, akawahi kumwonyesha mwalimu. Nilipopeleka yangu, mwalimu alisikitika. "Kuiga si aibu, binti. Aibu ni kutokukiri." Darasa likaangua kicheko. Mwizi wangu alicheka kuliko wote, na siku hiyo hiyo akapata jina la Bingwa. Nilimchukia.

Siku za mwizi ni arobaini, husema watu. Mimi sikuwa na subira hiyo; nilimpa ishirini. Maonyesho ya wazazi yalipokaribia, niliandika programu mpya, tamu kuliko ya kwanza, yenye mlio kwa kila namba. Ndani yake nikaficha agizo moja: mtikiso wa ishirini usitoe namba, utoe maneno. Nikaiacha wazi kwenye kompyuta, nikaenda msalani bila haja. Nilijua ataibeba nzima nzima, maana mtu wa kunakili hasomi.

Kumi na nane. Kumi na tisa.

Mama yake Bingwa alikuwa amekuja na sare yake ya kazi. Alikuwa mfuaji hospitalini, na sabuni ilikuwa imemkausha mikono. Akatikisa tena. Dadu ikalia. Akaisogeza karibu na macho, kisha mbali.

"Safari hii imetoa maandishi. Macho yangu nayo! Hebu nisomee, mwanangu," akaniambia.

Bingwa alikuwa ameshayaona. Alinitazama, akatikisa kichwa. Ningeweza kusema "Hongera". Neno moja tu, na hakuna ambaye angejua.

"Mimi ni mwizi," nikasoma, kwa sauti ya kufika mlangoni.

Vicheko vilikatika. Mwalimu akajifanya anapanga nyaya. Mama alimgeukia mwanawe taratibu.

"Kazi hii ni ya nani?"

"Yake," Bingwa akasema, machozi yakimdondoka.

Nilikuwa nimeingoja raha ile kwa siku nyingi. Ilikuja, tena tele, nisiseme uongo.

Mama hakumgombeza mwanawe. Aliipangusa dadu kwa pindo la sare, akaja hadi niliposimama, akanikabidhi kwa mikono miwili, ameinama kidogo, kama mdogo anavyompa mkubwa.

"Tuwie radhi, mama," akasema.

Niliipokea kwa mkono mmoja.