Kiti cha Katikati

Mimi na mke wangu, Mama Pacha, tuna baiskeli moja na zamu mbili. Asubuhi anakwenda nayo kufua mashuka hospitalini. Saa saba mchana ananikabidhi getini kwetu, naenda kulinda ghala. Mimi mrefu kama nguzo ya umeme, yeye ananifika kwapani. Tulipoinunua tuliafikiana kiungwana: kiti kikae kimo cha katikati, asionewe mtu.

Huu mwaka wa tatu. Magoti yangu yanalia kama bawaba. Yeye nyonga zinamuuma, ila hakusema kitu, mpaka Jumanne aliponikabidhi baiskeli kiganja kimechubuka.

"Nimesimama njia panda, mguu haukufika chini. Nikaanguka kwa ubavu. Lori limenipitia hapa." Akapima shibiri. "Baba Pacha, sipandi tena. Nitatembea."

Kutembea ni saa mbili kwenda, saa mbili kurudi.

Jumamosi nikambembeleza twende kwa fundi. Fundi akampandisha, akamwambia aweke kisigino kwenye pedeli ya chini. Mguu ukaning'inia. Akanipandisha mimi, goti likabaki limekunjwa.

"Nani kaweka kiti hapa?"

"Sisi. Ni makubaliano."

"Basi shemeji, mmekubaliana kuumia wote."

Akashusha kiti mpaka kisigino cha mke wangu kikakanyaga pedeli, mguu umenyooka, akachora alama nyekundu kwenye bomba la kiti. Akakipandisha kwa ajili yangu, akachora nyeupe. Nati akaitoa, akaweka kishikio cha kukaza kwa mkono.

"Anayeshuka ampangie mwenzake."

"Na uchovu wetu huu," Mama Pacha akauliza, "nani atakumbuka?"

Nikamlipa fundi, tukaondoka.

Jumatatu saa saba akaja polepole. Alipofunga breki, ncha za viatu ziligusa chini. Uso ulikuwa umesawijika kwa uchovu. Nikanyoosha mkono niichukue baiskeli, akanizuia. Akalegeza kishikio, akavuta kiti mpaka alama nyeupe ikachomoza, akakaza, akakitikisa kuhakikisha.

"Haya, nenda, twiga wangu."

Jioni nilirudi magoti kimya, mwili wote umekwisha. Nikaegemeza baiskeli ukutani, nikashika komeo la mlango. Ndani nikamsikia akikoroma.

Nikageuka. Nikainama kutafuta nyekundu.