Doa la Pasi Kwenye Pindo

...na asiinue macho, macho yabaki hapahapa kwenye kanzu, maana akiyainua tu mmojawapo ataanza tena kile kiwimbo chao, mwambie huyo, mwambie huyo, kana kwamba yeye dobi amegeuka waya wa simu uzeeni, wanaume wazima wawili wamekaa benchi moja, huyu mwisho huu na yule mwisho ule, katikati panatosha kulala ng'ombe, wote wamekuja kuchukua nguo na hakuna anayetaka kuondoka kwanza, anayeondoka kwanza ameshindwa, ndivyo walivyojitungia sheria vichwani mwao. "Dada," akasema katekista, mdogo wake, kitindamimba wa mama yao, ambaye yeye alimbeba mgongoni akamkojolea mpaka mgongo ukamtoka ukurutu, "mwambie huyo mgeni wako kwamba mimi ndiye niliyefika kwanza." Mgeni! Mgeni aliyeoa humu ndani! "Mama," akasema mwadhini, mkwewe, mume wa marehemu binti yake, kwa sauti ileile tamu anayoamshia watu alfajiri, "mwambie mjo... mwambie mzee mimi sina haraka." Ameanza kusema mjomba akalimeza, kalisikia likimezwa, limepita kooni kama mwiba wa samaki, miaka yote alimwita mjomba, mjomba wa mkewe ni mjomba wake, leo limekuwa neno la kuombewa kibali kwa kamati ya msikiti. Pasi imepoa. Akaifungua, akaupuliza mkaa, majivu yakamrukia machoni, afadhali majivu, mtu akipepesa macho kwa majivu hakuna wa kumuuliza kinachomliza, si kwamba analia, yeye kulia alishamaliza siku ile walipomfukia binti, sasa amebakiwa na kufua na kupiga pasi, na masikio, masikio bado mazima kwa bahati mbaya.

"Wazee wa kanisa wamekaa," mdogo wake anaendelea, anauambia ukuta, "wamesema ukitaka kuendelea kufua nguo za altare, usizichanganye tena na za wale. Uchague." Na kule mwisho wa pili, "Kamati nayo imekaa, mama. Nguo za ibada haziwezi kuingia beseni moja na za... na nyingine. Uchague, lakini kwa heshima." Kwa heshima! Tusi lililotiwa sukari. Wamekaa, wamekaa, kila mtu amekaa siku hizi, nani atasimama? Miaka ishirini na sita anafua za huku na za kule, maji yaleyale, sabuni ileile, bluu ileile, kamba ileile, upepo unazipuliza pamoja zinapigana vibao vya mikono kama watoto, hakuna aliyewahi kuuliza beseni lina dini gani. Beseni ni la bati. Lina kutu. Hiyo ndiyo dini yake.

Na yote haya yameletwa na watu wa kuja, hilo ndilo linalomchoma, mhubiri mmoja alikuja na vipaza sauti vyake akasimama uwanjani akamtukana Mtume mpaka jioni, akapanda gari akaenda zake, wiki ya pili akaja mwingine wa upande wa pili na vyake, akautukana msalaba, naye akapanda gari, na hao wawili huenda hata petroli walijaza kituo kimoja, walioachwa na mawe ni wao, madirisha ya kanisa chini, mikeka ya msikiti kwenye mtaro, na muuza karanga ameshonwa nyuzi saba kwenye paji la uso, alikuwa anapita na sinia lake, jiwe halikumuuliza anasali wapi, na mpaka leo kila upande unasema jiwe lilitoka kule. Tangu siku hiyo mjukuu haji. Wiki tatu. Akalaza pasi kwenye mkono wa kanzu, akaisukuma taratibu, wiki tatu kamili mtoto wa binti yake anazuiwa kuvuka mitaa miwili kuja kwa bibi yake, na baba wa huyo mtoto amekaa pale na magoti yake marefu anasema kwa heshima.

"Dada, unanisikia?" Anasikia. Hata nzi anamsikia. Akatikisa kichwa tu, kitu ambacho mtu aweza kukifasiri apendavyo.

Wangejua. Mungu wangu, hawa wangejua kilichokwisha kutokea wangekaa wametulia hivi? Maana kazi yake ina alama, kila nguo ya kanisa huitia uzi mwekundu ndani ya ukosi, mchomo mmoja tu wa sindano, kila ya msikiti uzi wa kijani, kila zikitoka kwenye maji anaangalia, iliyochomoka anaitia upya, lakini macho yake hayaoni tena tundu la sindano, ni mjukuu anayemtungia uzi, kila Jumatano, analamba ncha, tsk, umeingia, bibi na wewe unazeeka vibaya, mdomo kama wa bibi yake, na mjukuu asipokuja uzi hautungwi, na uzi usipotungwa bibi anategemea kichwa, na kichwa, wiki iliyopita, kichwa kikamsaliti. Kanzu mbili, kitambaa kimoja, fundi mmoja, urefu mmoja maana hawa wawili wote wameota kama nguzo za umeme, jora moja alilolileta mdogo wake mwenyewe kwa ajili ya harusi ya binti, ndiyo, huyuhuyu, akasema bwana harusi na mjomba mtu tushone sare watu wacheke, watu wakacheka kweli, na baadaye mdogo wake akaifanya yake ya Jumapili, na mkwe akaifanya yake ya Ijumaa. Akazifunga, akazipeleka, kila moja kwa mwenyewe, kumbe si mwenyewe.

Ijumaa mwadhini akaadhini ndani ya kanzu ya katekista. Watu wakaja, msikiti ukajaa. Yeye dobi hajui lolote, anaanika mashuka. Jumapili amekaa benchi la pili karibu na njia, mdogo wake anapanda ngazi kwenda kusoma somo, anainua mguu, pindo linapanda, na pale, juu kidogo ya kifundo, doa la kahawia, limechongoka kama ncha ya pasi... Doa analijua kama anavyoijua sura ya binti yake, maana ni la binti yake. Jioni ya kuamkia harusi, anampigia bwana harusi kanzu, anacheka na wenzake, anageuka kujibu utani, pasi imelala, harufu, uuuwi mama nimeiunguza, na kijana kule nje, magoti marefu, anasema iacheni, nitaivaa hivyohivyo, nikizeeka nitamwonyesha alichonifanyia. Hakuzeeka naye. Lakini kanzu akaitunza. Akaitunza, halafu wiki nzima hakuvaa doa lake na asijue! Hivyo ndivyo chuki inavyomfanya mtu, amekazana kukagua dini za wenzake hata nguo yake mwenyewe haioni. Na mdogo wake akasimama mbele ya altare na doa la mke wa mtu wa msikiti, akasoma mpaka mwisho, Neno la Bwana, watu wakaitikia, hakuna aliyetapika, paa halikuanguka, mchana wake mvua ikanyesha tena nzuri.

Zimerudi juzi, amezifua, amezitenganisha kwa doa, na mpango ulikuwa rahisi: kila moja kwenye furushi lake, pindo limekunjwa kwa ndani, mdomo umefungwa, afe nalo. Mpango wa mtu mwoga. Tangu asubuhi anajiambia nitanyamaza, nitanyamaza, na sasa pasi inapita kwenye ukosi, mtupu, hauna nyekundu wala kijani...

"Mwambie," mdogo wake anasema, "hata wakati wa posa mimi niliona mbali." Muongo! Akaona mbali wapi? Benchi hilihili, wao wawili, walikaa tangu asubuhi mpaka jua likawa utosini, huyu akiuliza na mtoto atakuwa wa wapi, yule akijibu, wakagombana, wakasimama, wakakaa tena, mtungi wa maji mmoja wakaumaliza, mwisho wakakubaliana, binti atasali alivyozoea, mume alivyozoea, mtoto atamfuata baba, na kwa bibi yake atakuja bila kuomba ruhusa ya mtu. Maneno hayo aliyatamka nani? Katekista. Nani akasema nimekubali mjomba? Yule pale. Hakuna kamati iliyokaa siku ile. Walikaa wao, walijua kukaa, walijua kuuliza na kungoja jibu, kumbe hawakuzaliwa hivi, wamejifunza ububu juzi tu, na kilichofundishwa juzi hakijakauka.

Basi hatachagua. Neno likamtulia tumboni kama uji wa moto. Hatachagua, na hatanyamaza. Wakichukua mafurushi ya nguo zao wachukue, nyumba za wageni zina mashuka, mashuka hayana madhehebu. Mmoja atasema kanzu imetiwa najisi, mwingine atasema altare imechafuliwa, waseme, lakini waambiane wao, uso kwa uso, yeye waya amejikata. Watapiga kelele? Wapige. Kelele za mtu kwa mtu zina mwisho, hizi za kupitia kwake hazina.

Wamekaa vilevile. Katikati ya benchi bado panatosha ng'ombe. Nje kanzu za watoto na majoho ya kwaya yanapigana vibao kwenye kamba. Akaisimamisha pasi kwenye kigae chake, akaigeuza kanzu, pindo juu, doa likakaa mwangani, kisha kwa mara ya kwanza tangu waingie akainua macho.

"Sogeeni," akasema. "Wote wawili, meza yangu haiumi. Mdogo wangu, mwulize mkwe wangu doa hili ni la nani. Wewe mkwe, ukishamjibu, mwulize mjomba wako Jumapili lilikuwa limesimama wapi. Mimi simwambii mtu. Na mkimaliza, mmoja wenu akaniletee wa kunitungia uzi."