Sauti Ubavuni mwa Ndege

Ogeto aliufungua mkanda wake wa kiti injini ikiwa bado inanguruma, akasukuma mlango wa upande wa kulia, akashuka majanini. Drusilla alidhani mwalimu wake wa urubani anakwenda kutazama gurudumu. Kisha akamwona anainama na kuingiza kichwa ndani tena, kofia kaikandamiza kwa kiganja isichukuliwe na upepo.

"Zunguka mara moja, ushuke," alimwambia. "Ukiona mambo si mazuri, paa tena. Hakuna mtu anakukimbiza, Mama Ashley."

Akaubamiza mlango, akaupiga makofi mawili, akarudi nyuma kando ya uwanja alikosimama Bwana Osman. Kiti cha kulia kikabaki kitupu. Drusilla alikitazama kiti hicho kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alitamani mtu atokee aseme kwamba mawingu yamekuwa mazito, au mafuta hayatoshi, au leo basi. Mawingu yalikuwa mepesi na mafuta yalitosha.

Drusilla Nyanchama, mama yake Ashley, alikuwa fundi wa cherehani. Kibanda chake kiko Nyanchwa, kwenye njia ya kupandia shuleni, na nusu ya watoto wanaoteremka kilima kile jioni huwa wamevaa sare zilizopita mikononi mwake. Kanzu za kwaya pia hushona. Hakuwa mtu wa kuota mambo makubwa. Alichokipenda ni mshono ulionyooka. Vitambaa vyake alivinunua kwa Osman, mjini Kisii, na ni Osman aliyemjia siku moja na maneno ambayo alidhani ni mzaha: kwamba amenunua ndege, na kwamba ndege hiyo inahitaji kuvalishwa nguo.

Haukuwa mzaha. Upande wa Borabu, katika shamba la zamani lililowahi kuwa la daktari wa mifugo, kulikuwa na ndege ndogo ya viti viwili iliyolala miaka mingi katika banda la ng'ombe. Mbavu zake zilikuwa za mbao na mabomba membamba, na kitambaa kilichokuwa kimezifunika kilikuwa kimeliwa na panya. Osman aliipenda jinsi watu wengine wanavyopenda farasi. Ogeto, rubani mstaafu aliyerudi kulima chai Kebirigo, akakubali kuwasimamia, na kwa misimu miwili ya mvua Drusilla alikwenda pale kila Jumapili na sindano ndefu kama kidole, akashona kitambaa kipya juu ya mbavu zile, fundo baada ya fundo, Ogeto akilikagua kila moja. Kazi ilipokwisha Osman alimwuliza anataka nini. Akasema anataka sehemu katika ndege hiyo, na afundishwe. Alijishangaa kusikia sauti yake mwenyewe ikisema hivyo.

Kujifunza kulimtisha kuliko alivyowahi kumwambia mtu. Hewani hapakuwa na shida kubwa. Shida ilikuwa ardhini. Ndege ya aina hii ina magurudumu mawili mbele na kijigurudumu kimoja mkiani, na uzito wake uko nyuma, hivyo ikigusa ardhi mkia hutaka kuja mbele. Kinachouzuia ni miguu ya rubani juu ya pedali mbili, kushoto na kulia, bila kupumzika, mpaka ndege isimame kabisa. Osman alichelewa kukanyaga mara moja tu. Mkia ulimzunguka, bawa likakwangua nyasi, na ndege ikasimama ikitazama ilikotoka. Hakuumia, lakini tangu siku ile hakugusa usukani tena. Alikuja Jumapili, akaifuta ndege vumbi, akatazama.

Mume wake Drusilla, Bosire, karani katika ofisi za kaunti pale Nyamira, alikuwa mtu mpole na mzee wa kanisa. Hakuwahi kumkataza. Lakini asubuhi hiyo, walipokuwa wakinywa chai, alikizungusha kikombe mezani mpaka kikapoa, kisha akauliza, "Na hizo nyuzi zako zikiachia huko juu?"

Drusilla alimwambia haziachii. Bosire akasema sawa, amesikia, ila yeye hawezi kwenda kuangalia. Akachukua koti akatoka, na Drusilla akapanda bodaboda peke yake.

Sasa alivuta pumzi, akasukuma kitasa cha mafuta mpaka mwisho, injini ikanguruma kwa nguvu zake zote.

Bila uzito wa Ogeto, ndege iliruka mapema kuliko alivyozoea, kana kwamba imefunguliwa kamba. Mkia uliinuka, nyasi zikakimbia, kisha kelele za magurudumu zikakatika ghafla. Mikaratusi iliyouzunguka uwanja ikabaki chini. Akaona mashamba ya chai yaliyokatwa sawasawa, mabati yaking'aa, barabara nyekundu inayoshuka kuelekea mtoni na mwanamke mmoja akitembea juu yake na mzigo wa kuni. Kwa muda mfupi hofu ilimwachia. Alitabasamu peke yake, kiti kitupu kikiwa shahidi.

Ndipo sauti ilipoanza.

Ilitoka upande wa kulia, chini ya mlango, nje. Pa-pa-pa-pa-pa. Ilikuwa ya haraka na kavu, kama ya nguo iliyoanikwa siku ya upepo, ila yenye nguvu zaidi, na kila pigo alilihisi katika sakafu chini ya miguu yake. Aliinamisha shingo kutazama, lakini kutoka kwenye kiti chake hakuweza kuona ubavu wa ndege. Akageukia bawa. Bawa lilikuwa zima. Pa-pa-pa-pa.

Aliujua mshono wa upande ule. Aliufunga siku ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa, wazazi wakimpigia simu mmoja baada ya mwingine kuulizia sare, na alipoumaliza aliutazama akauona umepinda kidogo katikati. Ogeto aliuvutavuta akasema uko imara. Yeye alijua angeweza kuufumua na kuuanza upya. Hakuufumua. Sasa aliona kwa macho ya moyo uzi ukikatika fundo baada ya fundo, kitambaa kikifunuka, kikipasuka kuelekea mkiani, mbavu zikibaki wazi. Akamwona Bosire na kikombe chake.

Kitu pekee alichotaka ni ardhi. Uwanja ulikuwa pale pale chini yake, upande wa kushoto. Angeweza kugeuka sasa hivi na kushuka moja kwa moja. Mkono ulikuwa umeshaanza kuinamisha bawa alipouona moshi wa jiko la nyumba moja, umelala chini, ukielekea kule kule alikotaka kwenda. Akigeuka hapo, upepo ungekuwa mgongoni. Ndege ingegusa nyasi kwa kasi, na mkia ungekuja mbele kama ulivyomjia Osman, ila vibaya zaidi.

Aliurudisha mkono. Akaubana usukani mpaka vidole vikauma. Akapunguza kasi kidogo, na sauti nayo ikapungua, pa, pa, pa, ikawa nzito zaidi. Hakuthubutu kupunguza zaidi. Ndege ikipoteza kasi huanguka. Basi akabaki katikati ya hofu mbili, akaizunguka njia yote ndefu aliyofundishwa, nje ya shamba, juu ya mto, hadi nyuma ya mikaratusi, akizungumza kwa sauti kama anavyozungumza na cherehani ikigoma. Alimwomba Mungu. Aliuomba msamaha ule mshono.

Alipoukabili uwanja aliwaona Ogeto na Osman kando, wadogo, wakipunga mikono yote. Ndege haikuwa na redio. Hakujua kama walikuwa wakimwita ashuke au wakimzuia. Alivuka mikaratusi, akapunguza nguvu ya injini, nyasi zikaja. Zikaja upesi mno. Magurudumu yakagonga, ndege ikarushwa juu kama mpira, na pua ikaanza kuvuta upande wa kushoto.

Sauti ilikuwa bado ikipiga. Kila kitu mwilini mwake kilimwambia abaki chini, aibane ardhi hata kama ni kwa nguvu. Alisikia pia maneno ya mwalimu, si kama amri, bali kama jambo la kawaida: paa tena.

Alisukuma kitasa. Lilikuwa jambo gumu kuliko yote aliyowahi kufanya, kuichukua ndege aliyoamini inachanika na kuirudisha hewani. Alipita juu ya wanaume wawili, akaiona kofia ya Ogeto chini, haijaokotwa. Akazunguka tena njia ile ile, na safari hii hakuomba wala kuzungumza. Alisikiliza tu. Pa-pa-pa-pa. Haijaongezeka, aliwaza. Haijapungua, lakini haijaongezeka.

Mara ya pili aliiacha ndege ichoke yenyewe juu ya nyasi. Akaisubiri. Magurudumu yote matatu yakagusa pamoja, na papo hapo mkia ukaanza hila zake. Akakanyaga kulia, kidogo, kushoto, kidogo, kulia tena, nyayo zikifanya kazi kabla ya kichwa kuzituma, mpaka nyasi zikapunguza mwendo na ndege ikasimama imenyooka. Akazima injini. Kimya kilichofuata kilimziba masikio.

Ogeto alikuja akitembea, kisha akikimbia, mzee mzima. Hakwenda kwenye mlango wa Drusilla. Alipita mbele ya propela hadi upande wa kulia, akainama, na aliposimama alikuwa ameshika mkononi mkanda wa kiti chake. Aliposhuka alikuwa amefunga mlango mkanda ukining'inia nje, na kile kifungo chake cha chuma ndicho kilichokuwa kikiupiga ubavu wa ndege njia nzima.

"Ni mimi," alisema. "Niliona ulipoinuka tu. Sikuwa na namna ya kukuambia."

Drusilla alishuka, akakaa chini kwenye tairi. Hasira ilimpanda. Baadaye alijikokota akauangalia ubavu. Rangi ya njano ilikuwa imebanduka mahali penye ukubwa wa kiganja. Kitambaa kilikuwa kizima. Mshono ulikuwa pale juu yake, umepinda vile vile katikati, haujaachia hata fundo moja. Alipitisha kidole juu yake, kwenda na kurudi. Osman, ambaye midomo yake ilikuwa bado haijarudi rangi, alisema yatosha kwa leo, waisukume ndege bandani.

Hapo ndipo mtu alipotoka kwenye mikaratusi, viatu vya ofisini vimelowa umande, koti begani. Alikuwa Bosire. Alisema alifika mapema kuliko mkewe na akasimama kule asionekane, maana hakutaka kumwongezea wasiwasi. Alimtazama Drusilla kutoka kichwani hadi miguuni, polepole, kama anayetafuta kitu kilichopungua.

"Nilisikia ukipita na hiyo kelele," alisema. "Nikafumba macho. Sikuona ukishuka, Mama Ashley."

"Hata mara ya pili?"

"Hata mara ya pili."

Ogeto aliugeuza mkanda mikononi mwake. Kisha, bila kuulizwa, akaupitisha ndani, akaufunga juu ya kiti kitupu, akauvuta mara mbili, akaukagua ubavu wote kwa mkono, akafunga mlango na kuujaribu. Alimtazama Drusilla na kungoja.

Drusilla aliitika kwa kichwa. Alimwambia Bosire asirudi kule mitini, asimame hapa wazi, karibu na Bwana Osman. Akapanda, akajifunga. Ogeto akaizungusha propela kwa mkono na injini ikawaka.

Aliisogeza ndege hadi mwisho wa uwanja na kuigeuza dhidi ya upepo. Pua iliyoinuka ilimziba mbele kabisa. Ardhi aliiona pembeni tu, ukanda mwembamba wa nyasi na watu watatu. Bosire alikuwa amevua miwani. Aliifuta kwa ncha ya shati, akaiinua kuelekea kwenye mwanga, akaifuta tena, kisha akaivaa. Nyasi pembeni mwa dirisha zikaanza kusogea.