Hatua Sitini Kutoka Kwenye Jiwe

Mama Tofali hakupewa jina hilo bure. Viangazi vitatu mfululizo alikanyaga udongo kwa miguu yake, akafyatua matofali, akayaanika, akayachoma, mpaka yakatimia elfu nane. Mumewe alikuwa seremala, mtu mfupi mwenye kifua kipana, watu wakamwita Pishi. Milango ya nyumba yao aliichonga kabla hata msingi haujachimbwa. Miaka kumi na mmoja walikuwa wamepanga chumba kimoja, wao na watoto wanne, na mvua ikinyesha walilala wameketi. Kwa hiyo aliyeigusa nyumba ile alimgusa Mama Tofali mboni ya jicho.

Na aliyeigusa hakuwa mtu baki. Alikuwa shemeji yake, kaka mkubwa wa Pishi, mrefu hata akaitwa Mlingoti.

Chanzo kilikuwa maneno ya baba yao. Mzee yule, akiwa kitandani, pumzi zikimwishia, aliwaambia wanawe: "Kuanzia kwenye jiwe lile kubwa, hatua sitini ni za mkubwa. Zinazobaki ni za mdogo. Msigombane." Akageukia ukutani, na huo ukawa mwisho wa maneno yake.

Sasa wewe fikiria. Mlingoti akahesabu hatua sitini kwa miguu yake ya korongo, Pishi akahesabu sitini kwa miguu yake ya bata. Kati ya alama ya huyu na alama ya yule pakabaki uwanja wa kutosha nyumba nzima. Pishi alikuwa na futi ya kupimia mfukoni kila siku ya Mungu, lakini hakuna aliyekubali itumike. Baba alisema hatua, hakusema futi. Kila mmoja aliapa kwamba yeye ndiye mkweli, na kichekesho ni kwamba hakuna hata mmoja aliyekuwa anadanganya.

Pishi akaanza ujenzi kwa hesabu yake. Siku ya kuchimba msingi, Mama Tofali mwenyewe alishika jembe upande wa jikoni. Alipofika kina cha magoti, jembe likatoa mkaa, mweusi, mkavu, mwingi wa kujaza gunia.

"Tazama!" akamwita mumewe. "Kumbe hapa palikuwa na tanuri la mtu. Mungu katuonyesha pa kuweka jiko!"

Wakacheka. Mwanamke aliyezoea kuchoma matofali akiona mkaa ardhini anaona tanuri, ataona nini kingine? Akaubeba wote, akachemshia wajenzi chai kwa wiki mbili. Akajisifu kwa majirani kwamba amepata mkaa wa bure.

Kuta zilipofika madirishani, Mlingoti akaja na nyundo kubwa ya kupasulia mawe. Hakusalimia. Alikwenda moja kwa moja kwenye kona ya jikoni akaipiga, na matofali yakaruka vipande.

"Kaka, una wazimu?" Pishi akadaka mpini.

"Wazimu unao wewe, unayejenga juu ya mgongo wangu!"

Alimpiga mdogo wake ngumi moja ya mdomo, na Pishi akatema jino pamoja na damu. Majirani waliokuwa wanatazama wakakumbuka methali inayosema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Wakachukua majembe yao kweli, wakaenda kulima.

Kesho yake alfajiri Mama Tofali aliujenga upya ukuta ule. Aliongeza saruji kwenye mchanganyiko, mara mbili ya kawaida. 

Mara ya pili Mlingoti alikuja na panga. Alikata kamba za jukwaa, fundi mmoja akaanguka akavunjika mkono. Pishi alipomkimbilia, panga likampata begani, nyama ikafunguka mpaka ukaonekana weupe wa mfupa. Mama Tofali alitupa mwiko. Alichukua beleshi, akamzunguka shemeji yake kwa nyuma, akampiga nalo kisogoni kwa nguvu zake zote. Mlingoti akapiga magoti. Akamtazama mke wa ndugu yake, damu inamshuka shingoni.

"Wewe shemeji," akasema taratibu, "unanipiga kwa ajili ya shamba langu mwenyewe."

"Rudi tena uone," akamjibu. "Safari ijayo nitakupiga kwa ubapa au kwa makali, nitachagua nikishakuona."

Wazee wa mtaa waliwaita, wakawaweka chini, wakawasihi wamwite mama yao aliyekuwa akikaa kwa binti yake, mwendo wa siku nzima kutoka pale. Kwa jambo hilo moja ndugu wale walikubaliana: mama asiambiwe. Ana presha. Akisikia wanakatana mapanga, watamzika.

Mara ya tatu ilikuwa mchana kweupe. Siku moja kabla walikuwa wamemwaga zege la linta juu ya mlango wa jikoni, ule uliotazama upande wa jiwe. Lilikuwa bado bichi, limelala kwenye mbao zake, na chini limeshikiliwa na miti mitatu. Kila fundi anajua, miti ile haiguswi mpaka zege likomae.

Mlingoti akaja na nyundo yake, akaingia mlangoni na kusimama chini kabisa ya linta. Pishi, mkono ukiwa bado kwenye kitambaa, akatoka ndani na kukabiliana naye. Wakashikana. Vichwa viligongana, pua ya Pishi ikapasuka, mkubwa akamtupa mdogo ndani, mbali na mlango, kama furushi.

"Shemeji, toka hapo!" Mama Tofali alikuwa anakuja mbio na ndoo ya maji. "Zege bichi hilo! Usiguse mti! Litakuua!"

Alisema kweli tupu. Lakini baada ya beleshi la kisogoni, nani angemwamini? Mlingoti alicheka.

"Mnaogopea linta lenu, eeh?"

Akainua nyundo akaupiga mti wa katikati. Mti ukaruka. Wa pili ukajipinda wenyewe. Kisha mbao, nondo, zege na matofali ya kingo za mlango vikashuka kwa pamoja, na mlango wote ukajaa vumbi.

Na hapa ukweli lazima usemwe. Kwa muda wa kuvuta pumzi moja, Mama Tofali alifurahi. Alisema moyoni: afadhali. Halafu akausikia mguu ukikwaruza chini ya kifusi, akaitupa ndoo, akakimbilia kifusi.

Walifukua kwa mikono. Pishi alikuwa analia, anaita "Kaka! Kaka!" Boriti ilimponda vidole viwili na hakujua mpaka baadaye. Walipofika kichwani, Mlingoti alikuwa na zege mdomoni na macho yake yalikuwa wazi. Polisi wakaja, wakauliza, wakaandika kwamba marehemu aliangukiwa na ukuta alioubomoa mwenyewe, wakaondoka.

Sasa mama yao alilazimika kuambiwa. Presha haikumuua. Alisimama wima mwanawe akizikwa, mkavu wa macho, na siku ya tatu baada ya mazishi akawaita wote uwanjani mbele ya nyumba: Pishi na mkewe, na mjane wa Mlingoti na wanawe.

"Mliuana kwa ajili ya nini?" akauliza.

Pishi akamweleza habari ya hatua sitini. Bibi kizee akamwangalia kama anayemtazama mgeni.

"Kwani hamkuuona mkaa?"

Akanyoosha kidole kuelekea kwenye jiwe.

"Baba yenu hakuwa mjinga. Alijua miguu ya watu haifanani. Alipofika hatua ya sitini alinituma gunia la mkaa, akachimba shimo, akauzika. Akaniambia, mama watoto, mti utaoza na jiwe litahamishwa, lakini mkaa hauozi. Mimi nilikuwepo, na gunia nililibeba kwa kichwa hiki. Si mngeniuliza?"

Pishi alishika jembe kwa mkono wake mzima. "Tuchimbe wapi, mama? Tutautafuta leo hii."

"Usichimbe," Mama Tofali akasema.

  Aliona lile shimo, aliona gunia, aliona birika likichemka wiki mbili na wajenzi wakisifia chai. Shimo lilikuwa katikati ya jikoni; kutoka hapo kuelekea kwenye jiwe palikuwa pa Mlingoti. Mlingoti alikuwa amezidisha hesabu yake, ndiyo, sebule haikuwa yake. Lakini mlango ule, ukuta ule alioupiga nyundo, ulisimama juu ya ardhi yake. Angeweza kunyamaza. Mkaa ulishakuwa majivu na hakuna aliyejua ulichimbuliwa wapi zaidi ya mumewe, na mumewe alikuwa bado hajaunganisha mambo hayo mawili. Watoto wake wanne walikuwa wamekaa kwenye rundo la matofali, wanamtazama.

Akamwendea mjane. "Nyundo yake iko wapi?"

Mjane akaruka nyuma. "Unataka kutumaliza na sisi?"

"Nipe, mwenzangu."

Ililetwa. Ilikuwa nzito kuliko alivyodhani, na mpini ulikuwa umelainishwa na viganja vya mtu mwingine. Mama Tofali akaingia jikoni kwake, akasimama mbele ya ukuta aliouongezea saruji, akapiga.

"Mke wangu, umechanganyikiwa?" Pishi akamshika bega.

"Mkaa, baba watoto," akasema bila kugeuka. "Tuliunywea chai."

Mkono wa Pishi ukaanguka kutoka begani kwake. Aliketi chini palepale kwenye vumbi, akafunika uso kwa vidole vilivyobaki.

Mama Tofali akainua nyundo tena. Alikuwa ameujenga ukuta ule vizuri mno. Ulimchukua mpaka adhuhuri kuuangusha, na hakumruhusu mtu yeyote amsaidie.