Mgeni Asiyeomba Kiti

Kitendawili. Sema "tega", basi. Nina mgeni haombi kiti wala chakula, lakini akitoka asirudi, mwenye nyumba naye hakai. Ngoja, usijibu, hicho kilikuwa cha mjukuu wangu Bénie, mwenye pumu. Kila asubuhi humtegea kimoja. Akijibu kwa mkupuo, aende shule. Jibu likitoka vipande vipande, namvutisha dawa.

Siku hiyo moshi wa kiwanda cha shaba ulikuwa umelalia mabati yetu hapa mtaani kwetu Annexe, mchachu hadi kooni. Bénie akafungua kinywa, ukatoka mluzi tu. Pampu yake ya kuvutia dawa ilikuwa imekwisha. Nikambeba mgongoni, miguu yake ikinigonga magoti, hadi kwa Doudou, muuza dawa wetu.

"Mama, ile ya bei nafuu haiko tena," akasema. "Gesi inayosukuma dawa inapasha dunia joto. Huko Ulaya wametunga sheria, watengenezaji wanaiacha. Iko hii mpya, lakini bei yake, Mama, hata mimi inanitisha."

"Kumbe anayepasha dunia joto ni huyu? Kwa kifua hiki cha njiwa?"

"Mimi nauza tu."

Watu husema hasira ni hasara. Mimi yangu niliiacha ipande. Ni anga la nani hilo, linalolindwa kwa pumzi za mtoto wangu? Nikamtua Bénie kando ya meza, nikamshika Doudou kiwiko, nikamvuta hadi mlangoni, nikamwonyesha bomba la kiwanda likitapika umanjano juu ya paa la shule.

"Na lile? Sheria haijaliona?"

Nyuma yetu Bénie alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili, midomo imeanza kuwa ya kijivu.

Doudou akatia mkono mfukoni mwa koti lake jeupe, akatoa pampu ya zamani, rangi imechubuka. Ilikuwa yake mwenyewe. Miaka yote ananiuzia dawa, sikujua kuwa naye ana pumu. Akaufuta mdomo wa pampu kwa shati, akampa mtoto. Bénie akavuta, akangoja, akavuta tena. Mluzi ukalegea polepole.

"Pumzi, Kambo," akaniambia, ndivyo anavyoniita mimi bibi yake, jibu zima, halina ufa.

Doudou akaitikisa pampu sikioni. Nayo imekwisha. Akairudisha mfukoni hivyo hivyo, macho kwenye lile bomba.

"Sheria imeliona, Mama," akasema. "Ilikuja na magari mawili ya wakaguzi. Ilikuwa imevaa barakoa."